Kilio cha Mama Mbuyi kwa Kifaransa

Kolwezi, Jumamosi

Walisimama kutupigia makofi, wale wageni wa Ulaya waliokuja kuona utamaduni wa Zaïre, na mi nilijua kilio chetu hakikuwafikia.

Mchezo niliuandika juu ya jirani yangu, Mama Mbuyi, ambaye mume wake alifukiwa na udongo kule mgodi wa Musonoi. Mi mwenyewe nilicheza mjane, kwa Kiswahili. Kalala, rafiki yangu tangu shule, alisimama pembeni akitafsiri kwa Kifaransa.

Nilisema: “Mulijua udongo itaanguka, na mukamutuma!” Kalala akawaambia wageni kwamba mjane anawashukuru wakubwa wa mgodi.

Kifaransa changu ni kidogo, lakini merci naijua.

Nilimkamata nyuma ya pazia. “Kalala, juu ya nini ulisema merci?”

“Batu ba Chama balikuwa pale mbele, Kapinga. Ulitaka batufunge?”

Labda ni kweli. Lakini angeniambia mapema, mi ninge...

Mlangoni Mama Mbuyi, asiyejua Kifaransa, alinikumbatia akilia. “Uliona vile bazungu balisimama? Leo balisikia juu ya bwana yangu.”

Nikamwambia ndiyo, mama, walisikia.