Chupa Iliyoua Gesi

Baba Mbeke,

Kuku wamekula. Mayai ya kanisa yako kwa karai, usiyaguse. Chai haiko kwa sababu gesi haiko.

Asubuhi umemwambia mama yako, mbele ya majirani, ati gesi imekufa kwa sababu mimi ni mvivu wa kukoroga mavi ya kuku kwa tangi la gesi. Mimi mwenye nimekoroga kila siku miaka miwili, mikono ikinuka hata nikiwa kwa kwaya.

Halafu nikapata hii chupa ya dawa nyuma ya nyumba ya kuku. Jumamosi uliosha nyumba yao na dawa ya kuua viini, ukamwaga hayo maji yote kwa tangi. Viini vya tangi ndivyo vilikuwa vinatutengenezea gesi. Umeviua wewe.

Chupa nimeiweka mbele ya kiti chenye mama yako hukalia. Anajua kusoma.

Jiko la makaa nimeenda nalo kwa dada yangu kule Namanga. Toa uchafu wote kwa tangi, uombe jirani yetu Ole Sankale mavi ya ng'ombe, uanze upya. Koroga na mikono.

~~Nitarudi Jumapili.~~ Nitarudi moto ukiwaka.

Mama Mbeke