Nani Atasimama Nyuma ya Kaka Yangu?

Mshauri wetu, shikamoo. Nimekuwa nikisoma majibu yako kwa wenzangu na kuwacheka kimoyomoyo, leo zamu yangu imefika, na naomba msaada wako kabla ya Jumapili kwa sababu huku sina wa kumweleza, kila ninayemfahamu ni mwanachama.

Mimi ni katibu wa tawi letu la jumuiya ya vijana wa chama. Mchana nachapa na kutoa kopi kwenye kibanda cha stesheneri, jioni nafungua ofisi ya tawi, ambayo ni chumba kimoja chenye bendera, viti vya plastiki na dirisha lisilofunga vizuri, na ndani ya chumba hicho tunajiona serikali kamili maana tuna mwenyekiti, katibu, mhamasishaji na kamati yetu, juu yetu iko kata, juu ya kata iko wilaya, na kila agizo la huko juu likishatufikia sisi wa chini linakuwa ni lile lile la kupanga viti na kuwaimbia wageni. Mwenyekiti wetu amefikisha umri wa kutolewa kwenye ujana wa chama, kwa hiyo Jumapili tunachagua mwingine, na atakayeshinda anaingia moja kwa moja kwenye kamati ya kata, ambako angalau mtu ukisema unasikika.

Wagombea ni wawili. Mmoja ni msichana fundi simu tunayemwita Chaji, hana maneno mengi, akisema kikao ni saa kumi basi saa kumi yuko mlangoni, na ndiye aliyewasumbua watu wa kata mpaka tukapewa ukumbi wa kufundishia vijana ufundi. Mwingine ni kaka yangu.

Kaka yangu ni kinyozi, na naomba uelewe kwanza huyu ni nani kwangu. Wazazi walipofariki alikuwa bado mwanafunzi, akaacha shule akashika mashine ya kunyolea ili mimi nisiache, na kwa kuwa hapakuwa na mwanamke nyumbani alijifunza kunisuka mwenyewe, mistari yote inapinda kushoto, akimaliza ananigeuza mbele ya kioo na kuniambia, "Umependeza, mama," nami nakwenda shule kifua mbele na kichwa kimepinda. Mpaka leo hajaoa, na nadhani ni kwa ajili yangu ingawa hajawahi kusema. Nampenda mpaka nashindwa kuandika.

Lakini uongozi hauwezi, mshauri. Hajui kumwambia mtu hapana. Alipokaimu uenyekiti, wilaya ilitupa nafasi moja tu ya mjumbe wa mkutano wao, yeye akawaahidi watu watatu, kila mmoja kwa wakati wake alipomfuata dukani, na asubuhi ya safari wote watatu wakafika na mabegi yao, mmojawapo mama mwenye mtoto mchanga aliyemwacha kwa mama mkwe, na kaka akasimama katikati yao anafuta jasho na kusema, "Tutabanana, jamani, tutabanana," kwenye nafasi moja. Hakuwa na nia mbaya hata chembe. Yule mama alirudi kwake analia na hajakanyaga tawini tena.

Sasa kinachonitesa ni namna tunavyopiga kura. Hatutumii karatasi. Wagombea wanasimama uani mwa ofisi wakiwa wametazama ukuta, wanachama wanajipanga mstari nyuma ya wanayemtaka, msimamizi kutoka kata anahesabu vichwa, halafu ndipo wagombea wanaruhusiwa kugeuka. Mimi najua tayari kaka atakuta nini akigeuka. Vijana wanaingia kwake, wananyolewa, wanamwambia, "Tuko pamoja, kiongozi," wakitoka wanapita kibandani kwangu kuniambia kwa sauti ya chini kwamba wao ni Chaji, ila wafanyeje, kaka yako ni mtu mzuri mno, nani ataanza kumwambia. Na yeye amefurahi, shati la siku hiyo ameshalipiga pasi, na juzi alinishika bega akasema, "Mdogo wangu, wewe simama wa kwanza nyuma yangu. Wakikuona wewe, wengine watafuata." Nikacheka, nikasema sawa.

Mimi nataka Chaji ashinde. Nikisimama na Chaji, kaka atageuka akute nyuma yake hakuna mtu, na mimi nimo kwenye mstari wa jirani. Nikisimama na kaka nitakuwa peke yangu pale, watu watasema katibu anabeba ndugu yake, na mwenyewe nitajua nimelidanganya tawi. Nimewaza kusema naumwa. Nimewaza hata kuwaomba watu wa kata tubadilishe, tupige kura ya siri. Nifanyeje, maana kura ninayo moja na kaka ninaye mmoja.

Wako, Katibu wa Tawi

*

Katibu, marahaba.

Nilipofika kwenye zile nywele zilizopinda nilitabasamu peke yangu. Nilipofika kwenye ile "sawa" yako nikakukasirikia, na nitaanza na hasira ili tuimalize.

Unawaona vijana wanaomchekea kaka yako halafu wanampinga wakishatoka, na unawaona wabaya. Wewe je? Alikushika bega ukampa jibu lile lile wanalompa wao. Tofauti ni kwamba wewe hukunyolewa.

Kuumwa, sahau. Katibu akiugua siku ambayo kaka yake anagombea, watu watapata cha kuongea mwaka mzima, na huyo kaka yako ninavyomsoma ataacha uchaguzi aje kukuuguza. Kura ya siri ni jambo zuri sana, lipeleke kwenye mkutano wa tawi uchaguzi ukishapita. Ukilileta wiki hii, ndugu yako akiwa mgombea, hata haki yenyewe itanuka.

Sasa nikuonyeshe kitu ulichokiandika mwenyewe bila kukiona. Kaka yako amekuomba usimame wa kwanza. Binti yangu, mtu mwenye uhakika na watu wake hahangaiki na nani atatangulia. Ana wasiwasi. Miaka yote hiyo ameshika vichwa vya watu, na kinyozi anajua shingo inavyokaza mtu anapoongopa. Anahisi, ila hakuna aliyemwambia kwa sauti, na katika tawi lenu zima mwenye haki ya kumwambia ni wewe.

Nenda kwake. Usiende dukani kukiwa na wateja, usimpigie simu, usimtume mtu. Mngoje amalize kufagia nywele, mkae. Mwambie hivi: "Kaka, nilikujibu sawa, nilikosea. Jumapili nitasimama nyuma ya Chaji. Nimekuja kukwambia mwenyewe ili usishtukie ukigeuka." Akiuliza kwa nini, mtajie yule mama na begi lake, wala usizunguke. Akiuliza wengine wamesemaje, mwambie hizo ni kura zao, akawaulize wenyewe, na safari hii asiwaulize wakiwa na wembe shingoni. Kisha nyamaza. Usimpake mafuta kwa sifa ili wewe upate nafuu.

Najua na lile unalotaka kunichomekea, kwamba Chaji akishinda, kaka apewe uhamasishaji, maana kwa kukusanya watu hana mpinzani. Huenda ni kweli. Lakini hilo ni la Chaji na kamati yake, na lina siku yake. Ukimpelekea siku hiyo hiyo unayomwambia haya, atajiona mtoto aliyenyang'anywa kitu akapewa peremende.

Ataumia, hapo sikufichi. Anaweza kukununia siku kadhaa. Anaweza kusema, "Baada ya yote niliyokufanyia," na hilo litakuchoma kuliko jambo lolote la tawi. Usijitetee. Mwambie, "Ni kweli, umenifanyia yote, na mimi ni wako hata ukinifukuza leo." Hilo limwambie mara nyingi kadiri atakavyotaka kulisikia. Ila kiti cha kwenye kata ni cha vijana wote wa tawi, pamoja na yule mama aliyerudi analia, na wewe huna ruhusa ya kukichukua umzawadie kaka, hata awe kaka wa namna hiyo, na nakubali ni wachache waliopata kaka wa namna hiyo.

Akijitoa, mshukuru na msiyarudie. Akiamua kugombea hivyo hivyo, mwache, ni haki yake. Siku ikifika ingia kwenye mstari wa Chaji usimame wima, usijifiche katikati ya watu. Msimamizi akimaliza na kutangaza, usikimbilie kuandika kumbukumbu, wala usianze na kumpongeza mshindi. Vuka ule ua, ukasimame na kaka yako. Saa hiyo hakuna tena anayehesabu.