Risasi Tatu Zilizobaki

Kodiak, mwezi wa Juni

Kaka yangu Zakhar,

Salamu hizi zikukute mzima huko Fairbanks, wewe na wifi yangu Dina na huyo mwanenu ambaye hata jino lake la kwanza nimelisikia kwa watu. Sisi huku hatujambo. Ukungu umetukalia wiki nzima na ndege ya barua haijatua, kwa hiyo usishangae barua hii ikifika imechacha. Baba ni mzima, ila mgongo unamsumbua, naye huusingizia hali ya hewa hata jua likiwaka. Mjomba Mitrofan bado anachechemea, lakini mdomo wake, unaujua, haujapata kuchechemea hata siku moja.

Nimepokea lile boksi la risasi ulilompa binamu Lukeria aniletee. Niliona mara moja kwamba umezishindilia baruti mwenyewe, maana zimepangwa kama mayai. Nimepokea na ujumbe wako pia, kwamba heri katika nyumba hii awepo mtu mmoja anayeweza kuzimaliza zote tano. Lukeria hakuuhifadhi moyoni. Aliutoa mezani, Baba akiwepo, huku akicheka. Baba aliendelea kukata piroki, ule mkate wetu wa kujazwa samaki, akaniuliza kama nataka kipande cha pembeni. Sikufurahi, Kaka. Nakwambia sasa ili lisije likanivimbia tumboni.

Risasi nazihitaji kweli. Nimepata kazi ya kuhesabu samaki wa samoni kwenye uzio wa mtoni, na njia ya kwenda huko tunaitumia sisi na dubu, wao wakiwa ndio wenye njia. Baba aliposikia alitoa ile bastola yake fupi, ya siku ile ya dubu, akanivika mkoba wake kifuani na kuukaza mikanda mwenyewe kama mtu anayefunga tandiko. Mtutu wake haufiki urefu wa kidole changu cha kati, lakini katika kila tundu la silinda yake, kile kigurudumu cha risasi, kidole changu cha mwisho kinazama. Nilimuuliza kwa nini kitu kidogo namna ile kimepewa mdomo mkubwa namna ile. Akasema ukiinama kutoa samaki wavuni, mtutu mrefu hunywa maji kabla yako, na ya chuma kizito hukuvunja mgongo kabla ya saa sita mchana. Kuibeba ni kila siku, akasema, kuifyatua ni siku moja.

Hapo ndipo nilipoanza kuwashwa. Unanijua. Mama, Mungu amrehemu, alikuwa akisema nitaifungua hata saa ya kanisa nione anayeipiga kengele ndani. Nilitaka kujua ilikuwaje siku hiyo moja ikaishia risasi mbili.

Jinsi habari ile inavyosimuliwa huku hujasahau. Baba na Mjomba walikuwa wakisafisha samaki kijitoni, dubu jike akatoka vichakani na watoto wake. Baba akafyatua mara mbili, kisha kimya. Dubu akamshika Mjomba mguu, akamtikisa, akamwacha, akaenda zake. Risasi tatu zikabaki kwenye silinda. Baba mwenyewe alisema kwa kinywa chake, mbele ya watu wote waliokuja na machela, kwamba mkono wake uliganda. Tangu siku ile Baba haitwi Kiril tu, anaitwa Kiril Mbili. Jumamosi iliyopita tu, tukisubiri zamu yetu ya wanawake, nilimsikia Mjomba ndani ya banya, kile chumba cha kuogea kwa mvuke, akimwaga maji kwenye mawe na kupiga kelele kwamba leo ni vikombe viwili tu, jamani, tunaoga Kikirili! Wanaume wakaangua kicheko, na Baba akacheka nao. Kicheko chake nilikitambua kupitia ukuta ule wa mbao, na hakikuwa cha uongo. Hilo nalo likaniwasha. Mtu aliyeshindwa kumwokoa shemeji yake anachekaje namna ile?

Basi nikaenda kwenye shimo la changarawe na boksi lako, bastola ile fupi, na ile ya zamani ya Baba, ya chuma kizito, inayokula risasi hizohizo. Nilianza na nzito. Ilinguruma, ikanisukuma, na zote zikatoka bila kinyongo. Risasi zako ni nzuri, Kaka, nilipasua gogo la msonobari hadi nikalionea huruma. Kisha nikashika ile nyepesi. Wee! Sijapigwa teke namna ile tangu yule farasi wa wamisionari. Ya kwanza ilinirushia mikono juu ya kichwa. Ya pili ikanichana ngozi ya kiganja. Ya tatu nikavuta kifyatulio, na hakikuvutika. Nikavuta kwa vidole viwili. Silinda ilikuwa imekwama kama mlango wa boti uliovimba.

Nilikaa chini kwenye mawe nikaitazama. Vichwa vya risasi zilizobaki vilikuwa vimetoka kwenye maganda yao, vimechungulia mbele ya silinda, na kimoja kilikuwa kimejikita kwenye fremu. Sikuamini. Nikaigongagonga kwa kipini cha kisu mpaka ikafunguka, nikachukua risasi mpya, na kwenye kila moja nikapaka mstari wa rangi yangu ya kucha pale ganda linapokishika kichwa. Nikarudia. Mara hii ilikwama baada ya tatu, na mistari yangu myekundu ilikuwa imeachana waziwazi. Nikajaribu risasi za dukani, zilizobanwa mdomo kwa nguvu zaidi, na hizo zikatoka zote tano, ingawa kiganja changu hakitanisamehe. Nikaelewa. Bastola nzito humeza teke lake yenyewe. Nyepesi hulirudisha lote nyuma kwa ghafla, ganda likaenda nayo na kichwa kikabaki, kidogo kidogo, mpaka kinafunga mlango.

Nilimkuta Baba kibandani anashona wavu. Nilikuwa nimeikwamisha bastola tena kwa risasi zako, nikaiweka mezani vichwa vikiwa vimetoka vilevile. Aliniuliza kama nimeumia mkono. Kisha akainyanyua, na huku macho yake yakiwa bado kwenye kiganja changu, kidole gumba chake kikaenda chenyewe mbele ya silinda, kikakisukuma ndani kile kichwa kilichokwama, na silinda ikafunguka. Hakutafuta pa kushika. Mimi nilikuwa nimehangaika na kisu muda mrefu, yeye hakuangalia hata mara moja.

Kwa hiyo ulijua, nikamwambia. Akasema alijua palepale kijitoni, Mjomba akiwa bado analia. Alivirudisha ndani vichwa vya zile tatu kabla watu hawajafika wakaona.

Kaka, risasi za siku ile zilikuwa zako. Ulikuwa na miaka kumi na tisa na mashine yako ya kushindilia kwenye kibanda hikihiki, na Baba alikuwa amekwisha kuwatangazia watu wote wa ghuba kwamba za mwanawe zinazipita za dukani. Katika bastola nzito zilizipita kweli. Ile nyepesi alikuwa ameinunua majira yaleyale, na ndani ya boksi lake mlikuwa na kijitabu kinachoonya kuhusu jambo hilihili. Alikitumia kuwashia moto wa banya bila kukisoma. Alinisimulia hilo huku akitikisa kichwa, akasema kosa kama lina mwenyewe basi mwenyewe ni yeye, na kwamba watu wakitafuta wa kulaumu wasingefika kwenye kijitabu, wangeishia kwenye mashine yako. Nilimuuliza kwa nini basi akakuacha uondoke ukiamini kwamba yeye ni mwoga, tena baada ya maneno yale ya hasira uliyomwambia mlangoni. Akasema yeye jina lake lilikuwa limekwisha kutumika, la kwako lilikuwa jipya. Kuitwa Mbili hakuumi, akasema. Kila akiusikia utani ule anajua kwamba hakuna anayekufikiria wewe anapoutazama mguu wa Mjomba.

Akaniomba nikurudishie boksi na nikuandikie kwamba mikono yangu ni dhaifu. Nikaitikia. Sasa unajua una dada mwongo, maana mikono yangu haina neno na barua hii ndiyo hii.

Sikuandika ili ujilaumu. Niliandika kwanza ili usimpe mtu mwingine yeyote risasi hizo kwa bastola nyepesi kabla hujabana maganda vizuri na kuzijaribu, maana huenda hata huko kuna mtu anayezitegemea. Pili ni kwa sababu nimekasirika. Nakupenda na nimekasirika. Kila ndege inapotua Baba hutoka nje akijifanya anaangalia mawingu, hungoja mpaka abiria wa mwisho ashuke, kisha hurudi ndani na kusema mvua haiji leo. Miaka saba hiyo mvua haiji.

Mjomba sijamwambia, na sitamwambia. Hilo nakuachia wewe ulilete mwenyewe, ndani ya banya, akishaanza na vikombe vyake viwili.

Nisalimie wifi, umbusu mtoto penye jino. Lukeria anauliza kama alikosea kusema mezani, nami nimemwambia akale piroki yake. Baba naye anakusalimu, kama anavyokusalimu katika kila barua, sijui kama huwa unafika mstari huu. Hajui nilichokuandikia. Ukija atakwambia tena kwamba mkono wake uliganda. Usibishane naye, Kaka. Ushike tu huo mkono.

Ni mimi dada yako,
Anfesia