Nilimsugua Mfalme

Jumatatu, 3 Machi 2025

Leo Mzee Folke kanifungulia sanduku lake. Miezi minane naenda kwake Mälarhöjden kila asubuhi, kumwogesha na kumpikia uji, na leo ndiyo kaniamini. (Huku Sweden watu wanaitana majina tu. Lakini mtu wa miaka tisini na moja simwiti Folke kavu. Humu ndani ni Mzee.)

Sarafu nne za krona, pesa ya huku, kwenye kitambaa chekundu, na nafasi ya tano tupu. Macho yake yameisha, kwa hiyo namsomea. Kumbe mfalme mpya akishika kiti, si uso tu unaobadilika kwenye sarafu — na maneno pia! Kila mmoja huchagua usemi wake, unachapwa hapo. Kama jina la kanga! Wa kwanza, Oscar: ustawi wa mataifa ndugu, yaani Sweden na Norway. Mzee kacheka, ndugu wenyewe wakaja kuachana. Anayefuata: pamoja na watu, kwa ajili ya nchi. Wa tatu: wajibu mbele ya yote. Wa sasa: kwa Sweden, kwenda na wakati. Nafasi ya tano ni ya binti mfalme, siku yake ikifika. Mzee anasema yeye hatakuwepo, lakini nafasi ikae tayari.

Ile ya wajibu ni ya 1952. Aliipata kwenye mshahara wake wa kwanza, mfalme mpya, inawaka. Hakuitumia hata siku moja. Lakini jamani ilivyo nyeusi sasa! Mfalme kama katoka kuchoma mkaa. Nimeona aibu kwa niaba yake.

Jumanne, 4 Machi

Baba alikuwa msakristani wa parokia yetu, Bukoba. Kabla ya Pasaka sisi watoto tulisugua vinara vya altare kwa ndimu na majivu mpaka mikono inawasha. Kitu cha heshima hung'aa, ndivyo alivyotulea.

Basi Mzee alipolala baada ya uji: limau, magadi, mswaki wa zamani. Zote nne. Wa 1952 kanisumbua, nimemsugua mpaka masikioni. Katoka kama mtu aliyetoka kwa kinyozi!

Sikumwambia. Nilitaka ashtukie mwenyewe — halafu nikakumbuka haoni. Si neno, binti yake Gunilla huja Jumamosi, ataona yeye.

Jumatano, 5 Machi

Majivu. Kanisa limejaa. Nimefunga mpaka saa kumi, nikashindwa, nikala mkate wa krimu uliobaki jana. Nimeanza Kwaresima vibaya.

Jumatatu, 10 Machi

Bosi wa kampuni yetu ya kutunza wazee kapiga simu. Gunilla kafungua sanduku Jumamosi. Anasema sarafu za baba yake zimeibwa, zikawekwa bandia. Zinang'aa mno, haziwezi kuwa zile.

Anayeshukiwa ni Josiane. Yeye huingia kwa Mzee jioni. Ana miezi miwili tu kazini, bado wa majaribio. Mkongomani wa Butembo, anakaa Fittja, Kiswidi chake kinachechemea. Bosi kaniuliza kama nimeona lolote.

Nikasema hapana.

Neno moja! Mdomo ulikuwa wazi kabisa, la kweli lilikuwa mlangoni, likatoka lile lingine. Kugusa vitu vya thamani vya mteja ni marufuku, tulitia saini. Na bosi kanikumbusha kwamba kuanzia Aprili mimi ndiye kiongozi wa timu. Sijui kwa nini kanikumbusha leo.

Jumanne, 11 Machi

Nimesoma kwenye simu, ndani ya treni. Sarafu ya zamani haisuguliwi. Kamwe! Ule weusi ndio umri wake, ndio wakusanyaji sarafu wanaoutafuta. Nimemfutia Mzee miaka sabini kwa mswaki.

Nimemkuta kaishika ya 1952, anaipapasa kwa kidole gumba. Kaniambia Gunilla anadai si yenyewe, lakini kidole kinasema ndiyo. Kuna mkwaruzo ukingoni aliouweka yeye mwenyewe ujanani. Kaniuliza mimi naona nini.

Nikamwambia ni yenyewe.

Basi mwambie Gunilla, akasema. Maana Gunilla sasa anaona kichwa cha baba yake kinapotea, kashampangia daktari ampime kumbukumbu. Nikamwahidi nitamwambia. Halafu nikaenda jikoni kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Ijumaa, 14 Machi

Josiane kapiga simu. Analia, lakini kwa adabu, kama anayeogopa kunisumbua.

"Yaya Vene, banasema nimeiba. Miye ile sanduku hata sikufunguaka."

(Yaya kwao ni dada mkubwa, ndivyo anavyoniita.) Kasimamishwa kazi. Jumanne anaitwa ofisini, na pale hakuna anayejua lugha zake. Kawaomba mimi niwe mkalimani wake. Mimi! Bosi kakubali, kasema ni wazo zuri.

Na mimi nimekubali. Ningekataa kwa sababu gani?

Jumapili, 16 Machi

Nimekwenda kuungama kabla ya misa. Niliungama ulafi. Ulafi! Padri kanipa Salamu Maria tatu, nikazisali haraka haraka.

Nje ya kanisa Josiane alikuwa ananingoja na bakuli la sombe, kisamvu cha kwao. Shukrani, eti. Nimefika nalo nyumbani Skärholmen likiwa bado la moto. Tamu mno. Nimelila lote nikilia. Mimi ni mtu mbaya, na hilo hata Salamu Maria mia haziwezi kulificha.

Jumanne, 18 Machi, ofisini Kista

Naandika chooni. Daftari juu ya goti.

Tulikaa wanne: bosi, Gunilla, Josiane, mimi. Mkalimani husema "mimi" anapomsemea mwenzake, ndiyo kanuni. Basi nimesema kwa Kiswidi, kwa sauti yangu hii: mimi sikuzigusa. Bosi akaandika. Gunilla akasema hana chuki na mtu, anachotaka ni sarafu za baba yake, kabla mzee hajachanganyikiwa kabisa. Nikamtafsiria Josiane hilo. Hata "kuchanganyikiwa" nililitafsiri vizuri.

Kisha bosi akauliza kama kuna mtu yeyote wa kumtolea ushahidi. Josiane akanigeukia mimi, akasema polepole ili nisikose neno:

"Baambie bamuulize Yaya Vene. Yeye hasemake uongo."

Wote wananitazama. Gunilla kasogeza kiti. Sentensi fupi, kwa Kiswidi naijua — na sijaitafsiri. Nikaomba maji, nikaja huku.

Bosi kagonga mlango mara moja, kauliza kama mimi ni mzima. Kabla sijajibu nimemsikia Josiane kule korido, na Kiswidi chake kile cha kuokoteza, akimwomba aniache kidogo. Anasema nimechoka, eti kwa kumhangaikia yeye.