Bomba Linalopita Sebuleni kwa Mama

3 Machi

Kitinda mimba wangu,

Hujambo huko? Umekula? Usinijibu umekula kumbe umekunywa chai tu. Mimi mzima, kasoro macho. Daktari kasema ni mtoto wa jicho, na la kulia watalisafisha mwisho wa mwezi. Nimemwambia siku atakayonifungua kitambaa, wa kwanza kumwona uwe wewe. Akacheka. Mimi sikucheka. Tangu uende kushona huko kiwandani maandishi yako nayapata, sura yako hapana. Mbona watoto wa wenzangu wanapiga simu za picha, wewe hupigi?

Mama yako

8 Machi

Shikamoo Mama,

Nimekula nikashiba. Pole na macho. Bweni letu limezuia simu za picha kwenye intaneti yake, maana jioni tukipiga wote mtandao unakwama. Nimemwomba msimamizi. Kasema Jumapili mchana, watu wakiwa wametoka, nikipata njia yangu yeye hana neno.

Njia ipo: ile kompyuta kuukuu niliyoiacha sebuleni kwako. Fundi wa simu atakuja kuitengeneza. Simu yangu itapitisha kitu kama bomba mpaka kwenye hiyo kompyuta, wanaliita SSH. Kila kinachopita humo kimefungwa kwa kufuli, hakuna wa kuchungulia. Kikifika kwako ndipo kinatokea mtandaoni. Sharti ni moja, Mama: kompyuta isizimwe.

Mwanao

17 Machi

Mwanangu,

Za huko? Huku salama. Jana ilishika! Nilikuona, ila kama mtu aliye nyuma ya pazia la bafuni. Sasa nikuulize, usinicheke: ukipita hapo sebuleni, unaniona? Maana kukiwa na joto mimi hukaa na gauni la kulalia. Fundi kasema huoni kitu; nikamwambia yeye mwanamume, atajuaje. Kiti nimekihamisha. Na hiyo kompyuta inavuma kama mwenye pumu, nimeifunika blanketi isipate baridi.

Mama

18 Machi

Shikamoo Mama,

Nimecheka mpaka wenzangu wamesimamisha cherehani. Sikuoni! Kaa utakavyo. Ila toa blanketi upesi, itaungua!

Mwanao

30 Machi

Mama, shikamoo. Napiga, bomba halipitishi. Kompyuta haijibu kabisa. Umeme umekatika nyumbani? Wameshakufungua? Msimamizi anarudi jioni.

Mwanao

30 Machi

Mwanangu,

Naandikiwa na muuguzi, salamu baadaye. Umeme haukukatika, ni mimi. Tangu pasi ilipounguza meza sitoki nyumbani bila kuchomoa kila kitu ukutani. Jana nikija hospitali nikachomoa jokofu, nikachomoa redio, nikakuchomoa na wewe. Mkono ulikwenda wenyewe! Daktari yuko hapa anataka kufungua kitambaa, nimekishika kwa mikono miwili. Shangazi yako ana ufunguo, kashakimbia. Nimemwambia achomeke vyote, hata pasi, maadamu uwemo. Muuguzi anasema mimi mgonjwa mkaidi. Nimemwambia na hilo aliandike. Wewe usichoke, piga tu.

Mama

31 Machi

Mwanangu mpenzi,

Umeamkaje? Leo naandika mwenyewe, tena bila kukodoa macho. Shangazi yako bado anajisifu, utadhani kajifungua mapacha.

Sasa sikia, maana jana ulikata haraka, hukuyajua ya huku. Daktari aliponifungua nilianza kuona nywele zako, umezikata bila kuniambia, hilo tutazungumza. Halafu uso wote ukawa unang'aa maji maji, unatikisika. Moyo ukanipasuka. Nikasema, "Daktari, hamkunisafisha vizuri, bado kuna ukungu." Akainama, akaitazama simu. Akasema, "Jicho lako zima, mama. Ni binti yako analia."

Basi Jumapili ukipiga, nawa uso kwanza. Nataka kukuona mkavu.

Mama yako anayeona