Figo Uliyompa Mama

Nyumba ya kona,
Nyuma ya karakana ya vitanda.
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Habari za huko, na baridi je? Mara ya mwisho ulisema mshono wa ubavuni unakuvuta ukikaa sana kitini. Natumaini sasa umekuachia. Mkaza mjomba naye hajambo? Mimi ni mzima. Nimeshafanya mitihani ya mwisho, nipo tu nyumbani nasubiri matokeo. Baba anapiga randa karakanani kama kawaida yake.

Unajua mimi si mwongeaji, ndiyo maana naandika. Tafadhali kaa kitako kwanza.

Mama alikuwa amelazwa. Ametoka juzi. Yu hai, Mjomba, na figo yako bado inafanya kazi, ila imeumia, na haitarudi kuwa kama ulivyompa.

Ilianza kwa mafua. Yalimshika, yakapungua, yakarudi. Mshonaji wa jirani, ambaye anampenda Mama kweli, akamuuliza mafua yataishaje wakati kila siku anameza vidonge vya kushusha kinga. Maneno yakamwingia. Asubuhi moja nilimpelekea vidonge vyake na maji, akaviweka pembeni.

"Nimevipumzisha mpaka mafua yaishe," aliniambia. "Kinga nayo ipumue kidogo."

Nilimwambia Baba. Alimbembeleza, akamtania kwamba tangu apewe figo ya kaka yake anakoroma kama wewe, kwa hiyo lazima aitunze hadi mkoromo. Mama akacheka, akasema ataanza kesho. Kesho ikawa kesho kutwa. Kisha miguu ikavimba, mkojo ukawa wa kudondoka, na pale chini ya tumbo ilipowekwa figo hakutaka hata shuka ipaguse.

Hospitalini nilijikaza nikamuuliza daktari imekuwaje, maana figo ilikuwa imetulia muda wote huo. Sikutarajia kwamba angevuta kiti akaketi. Alisema seli za kinga hazina mkubwa wa kuziamrisha, zinaambizana. Seli moja ikikuta kitu kigeni, humega kipande, hukipeleka kwenye tezi na kukionyesha seli nyingine. Hiyo ya pili haikurupuki. Inangoja ishara nyingine kutoka kwa ile ya kwanza, ya kuihakikishia kwamba kweli kuna hatari. Ikiipata, inamwaga kemikali za kuita wenzake, nazo zinazaana na kwenda kushambulia.

Vidonge vya Mama haviziui seli hizo. Vinazuia tu wito usitoke. Alipoviacha, mafua yalikuwa yameshaziweka macho, na figo yako machoni pao ilikuwa bado ngeni. Zikaitana.

Nimelifikiria sana jambo hili. Hazikuwa na ubaya, Mjomba. Zilikuwa zinamlinda Mama kwa namna zinavyojua.

Walimtundikia dripu ya dawa kali ya kuzinyamazisha, na polepole mkojo ukarudi. Daktari anasema sehemu iliyobaki inaweza kumtosha kwa miaka mingi kama hataacha dawa tena na kama atakula apate nguvu. Dawa anameza. Chakula ndicho hataki. Ninapika, ninapakua, ninarudisha sahani jikoni vilevile. Anajilaza akiutazama ukuta, na simu ikiita akaona ni wewe, anaigeuza kifudifudi. Ndiyo sababu hatukupokea. Haikuwa mtandao, kama Baba alivyokuandikia. Baba alikuwa anamsitiri mke wake, usimkasirikie.

Jana Mama aliniita akaniagiza nikuandikie kwamba alikuwa na mafua tu. Nilisimama mlangoni na sahani mkononi. Sijawahi kumkatalia Mama neno, lakini nilimwambia siwezi kukuandikia hivyo. Aligeuka kutoka ukutani akanitazama.

"Basi andika vizuri," alisema. "Asidhani nimeitupa."

Nami nimejitahidi kuandika vizuri.

Nina ombi moja. Piga simu Jumamosi jioni, nitakuwa naye chumbani. Usianze na figo, wala dawa. Kila anayeingia hapa anauliza hayo, na yeye anajibu kama yuko mbele ya hakimu. Muulize kama amekula. Wewe ni kaka yake, akikudanganya utajua. Na akikaa kimya usikate, hata kama ni kwa muda mrefu. Mkono wake bado una uvimbe wa sindano, kwa hiyo simu nitamshikia mimi, sitaishusha.

Baba anakusalimu, na mshonaji pia, ambaye siku hizi anapita mlangoni kwetu ameinamisha kichwa. Nisalimie mkaza mjomba na wanao wote. Mungu akutunze wewe na hiyo figo uliyobaki nayo.

Ni mimi mpwa wako akupendaye,
Sisimizi.