Hibo Amebaki Ruring'u

Ruring'u, Nyeri, 9 Machi 2025

Mpendwa dada Fowsia,

Salamu nyingi. Sisi tuko wazima, sijui wewe umefikaje huko kambini. Asubuhi ile polisi walipokutoa kwa cherehani yako, mwanao Hibo alikuwa darasani kwangu. Nilimwambia umesafiri.

"Bila kuniaga?"

Nikamshika mkono, tukaja kwangu. Analala na binti yangu Maurine. Nimeenda polisi, nimeenda kwa wanasheria wa wakimbizi. Wote wananiambia mtu wa kambi hakai mjini bila kibali. Barua hii naituma na Abdirizak, yule muuza mbuzi wa Nanyuki.

Dada yako,
Gaudencia

Kambini, 2 Aprili 2025

Dada Gaudencia,

Asalaam aleykum. Afya iko, ila joto la huku nilikuwa nimelisahau. Simu yangu ilipotea siku ile.

Nimeomba kibali. Nilimwambia karani niko na mtoto wa miaka saba Nyeri. Akasema, "Si umwite aje?" Dada, usimlete. Akiingia huku, kutoka ni shida, na darasa hapa ni watoto mia. Nywele zake zichane zikiwa na maji, ama atalia.

Dada yako,
Fowsia

Ruring'u, 20 Julai 2025

Dada Fowsia,

Hujambo? Hibo alishikwa na homa ya mapafu, baridi ya mwezi huu ni kali. Alilazwa, sasa anacheza. Usiku alikuwa anakuita.

Kuna lingine. Nimehamishiwa shule ya Bungoma. Nilikata rufaa, wamekataa. Hapa hakuna wa kumwachia. Niambie la kufanya.

Dada yako,
Gaudencia

Kambini, 11 Agosti 2025

Dada Gaudencia,

Nakusalimu. Kibali kimekataliwa. Nilitaka kukukasirikia, nikashindwa, kwa sababu wewe hujanikosea.

Nenda naye. Kukiwa na msikiti karibu, mpeleke. Akiuliza nitakuja lini, usimwambie kesho.

Mama yake Hibo,
Fowsia

Bungoma, 6 Septemba 2025

Dada Fowsia,

Natumaini u mzima. Tulifika salama, joto limemfaa kifua. Ameanza shule.

Jana mwalimu wake mpya aliwaambia waandike jina la mama. Hibo alitoka darasani, akanifuata mpaka ofisini.

"Niandike nani, ticha?"

"Mama yako. Fowsia."

Akaenda hadi mlangoni, akarudi.

"Linaandikwaje?"

Nilimwandikia kwenye karatasi. Dada, nisamehe, sikuwahi kumfundisha kuliandika.

Dada yako,
Gaudencia